Mama naye ana haki ya kufurahi: safari ya mwenzetu kwenda kumwona Dolly Parton



Kuna swali linalorudi kila mara katika vikundi vyetu: mama akitumia pesa yake kwa furaha yake mwenyewe, je, amewanyang'anya watoto? Wengi wetu tulifundishwa kwamba mama mwema hula mwisho, hulala mwisho, na hajinunulii kitu. Juma hili tumeona vema kuwasimulia habari ya mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa, lakini jina lake tunaliweka kando.

Mwenzetu alitoka Uvira wakati wa vita, akavuka Ziwa Tanganyika, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Tanzania. Baadaye alipelekwa Marekani pamoja na watoto wake, katika mji wa Bowling Green, jimbo la Kentucky. Kule Wakongomani ni wengi, na Kiswahili unakisikia dukani na kanisani. Alipata kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Kiingereza hakukijua. Lakini mama mmoja waliyefanya naye kazi alikuwa na redio ndogo, na kutwa nzima ilikuwa ikipiga muziki wa kantri, yaani muziki wa watu wa mashamba na milima ya kule, wenye gita na hadithi.

Wimbo wa kwanza aliouelewa mwanzo hadi mwisho ulikuwa "Jolene" wa Dolly Parton. Alitueleza kwa simu: mwanamke anamwendea mwanamke mwingine aliye mzuri kumpita. Hamtukani wala hamrushii ngumi. Anamwomba tu asimchukulie mume. Tulicheka sana, maana nani kati yetu haijui habari hiyo?

Tulimwuliza: huyu Dolly ni nani hata umpende hivyo? Akatuambia, nasi tukaona kwamba maisha yake hayako mbali na yetu. Alizaliwa tarehe 19 Januari 1946 katika milima ya Tennessee, mtoto wa nne kati ya 12. Siku aliyozaliwa, baba yake hakuwa na pesa ya kumlipa daktari, akamlipa gunia la unga wa mahindi. Mama yake alimshonea koti kwa vipande vya nguo. Shuleni wenzake walimcheka, na yeye alipokuwa mkubwa akalitungia koti hilo wimbo, uliotoka mwaka 1971. Baba yake alikuwa mtu mwenye akili na bidii, ila hakujua kusoma wala kuandika. Kwa ajili yake, mwaka 1995 Dolly alianzisha kazi ya kuwapelekea watoto wadogo kitabu kimoja kila mwezi, bure, tangu wazaliwe mpaka wafike miaka mitano. Kufika mwaka 2018, vitabu vilivyogawiwa vilitimia milioni 100.

Jambo jingine lilitugusa sisi wenye biashara ndogo. Elvis Presley alitaka kuuimba wimbo wake "I Will Always Love You", lakini meneja wa Elvis alidai nusu ya haki za wimbo. Dolly alilia, kisha akakataa. Mwaka 1992 Whitney Houston aliuimba wimbo huo katika filamu, ukavuma dunia nzima, na faida ikamrudia mwenye wimbo. Wamama, kitu ulichokitoa kichwani mwako na mikononi mwako, kiandikwe jina lako.

Sasa tuje kwenye safari. Mwaka 2019 Dolly alitimiza miaka 50 tangu awe mwanachama wa Grand Ole Opry ya Nashville. Opry ni onyesho la muziki linalotangazwa redioni tangu mwaka 1925. Sherehe iliwekwa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Oktoba.

Mwenzetu alikuwa na bahasha tatu nyumbani. Ya kwanza ni ya kodi ya nyumba na chakula. Ya pili ni ya kutuma Uvira, kwa mama yake mzee na kwa masomo ya mpwa wake aliye sekondari. Ya tatu ilikuwa yake. Humo alitia dola tano kila juma, tangu mwezi wa tatu. Juma ambalo mtoto aliugua, hakutia kitu. Lakini hakuichomoa pesa ya bahasha ya pili kujazia ya tatu, hata mara moja. Akaweza kupata tiketi, na zile tiketi ziliisha upesi.

Kutoka Bowling Green hadi Nashville ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Alikwenda na yule mama wa redio, wakachangia mafuta. Alivaa kitenge na kilemba. Jumba la Opry liko karibu na mto Cumberland, lina nafasi za watu wapata 4,400, na viti vyake ni mabenchi marefu kama ya kanisani. Katikati ya jukwaa kuna duara la mbao lililokatwa kutoka jukwaa la jumba lao la zamani, ili kila mwimbaji asimame pale waliposimama waliomtangulia. Sisi wenye kuheshimu wazee tulilielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Dolly alipoingia, watu wote walisimama: wazee wenye fimbo, wasichana, wanaume wenye kofia pana. Mwenzetu anasema alimkumbuka mama yake, aliyemshonea gauni la shule kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi. Miaka yote aliliona lile gauni kama aibu. Usiku ule aliliona kama mali. Alirudi nyumbani usiku wa manane, na Jumatatu asubuhi alikuwa kazini.

Picha zilipofika Uvira, maneno yalikuja. Ndugu mmoja aliandika kwamba huku watu wana shida, na yeye anacheza muziki. Mwenzetu hakugombana. Alimtumia mahesabu ya mwaka mzima: kilichotumwa kwa mama, kilicholipwa shuleni, tarehe kwa tarehe. Kisha akauliza ni mwezi upi uliopungua. Hakuna aliyeupata. Mama yake mzee ndiye aliyefunga mazungumzo. Aliomba aletewe ule wimbo wa koti, atafsiriwe, naye ausikie.

Sisi tunachosema ni hiki. Hatumwambii mama aache karo ili aende ngomani. Furaha iliyoibwa kwenye sufuria ya watoto huliza siku ya pili. Lakini furaha iliyowekewa akiba yake, polepole na mbele ya macho ya watu, haimwibii mtu. Tena watoto wanaomwona mama yao akicheka wanajifunza kwamba yeye naye ni mtu.

Kwa hiyo tunawaomba vikundi vyote vijaribu jambo moja. Pamoja na hisa na mfuko wa msaada wa shida, kila mama ajiwekee pesa kidogo ya kitu anachokitamani, hata faranka 500 kwa juma. Iwe safari ya kumwona dada, kwaya inayokuja mjini, au kitenge alichokichagua mwenyewe. Aseme mbele ya wenzake anaweka kwa ajili gani, na hesabu yake iandikwe daftarini kama nyingine. Katika mkutano ujao, kila mmoja aje na jibu lake: wewe mama, unatamani kuona nini kabla hujazeeka?