Cheti cha Hifadhi Hakichukui Shamba Lako, Wala Hakilifungi

Swali hili nimeulizwa na wenye mashamba wa Kajiado, Narok, Laikipia na Taita Taveta, na juzi limetoka kinywani mwa wakili mwenzangu ambaye alipaswa kujua: "Nikisajili shamba langu kuwa hifadhi ya wanyamapori, si serikali itakuwa imelichukua?" Hapana. Sheria ya Kenya haisemi hivyo popote, na sehemu kubwa ya makala hii itakwenda kueleza kwa nini. Imani hii imewagharimu watu wengi. Kuna familia zilizokataa kodi ya ardhi ambayo majirani wao walikuwa wakiipokea kila mwezi. Kuna wengine waliokimbilia kukatakata malisho yao kuwa ploti za hamsini kwa mia, wakaziuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu waliogopa kunyang'anywa.

Tuanze na maandishi yenyewe. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inasema katika kifungu cha 39 kwamba mtu yeyote au jamii yoyote inayomiliki ardhi yenye wanyamapori inaweza, peke yake au pamoja na wengine, kuanzisha hifadhi. Anayeanzisha ni mwenye ardhi. Sheria hiyohiyo inatambua uhifadhi kuwa matumizi halali ya ardhi, iwe ni ya umma, ya jamii au ya mtu binafsi, sawasawa na kilimo na ufugaji. Ukisajili hifadhi, unajisajili kwa watu wanaosimamia wanyamapori. Msajili wa ardhi hahusiki, na jina lililo kwenye hatimiliki halibadiliki hata herufi moja. Cheti cha hifadhi ni kama leseni ya duka: kinakuruhusu kuendesha shughuli, lakini hakimpi aliyekitoa jengo lako.

Mbuga ya kitaifa ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaziweka mbuga za kitaifa na maeneo ya serikali ya hifadhi katika ardhi ya umma. Shamba lenye hatimiliki ni ardhi ya kibinafsi chini ya kifungu cha 64. Ardhi haihami kutoka kifungu kimoja hadi kingine kwa sababu mwenyewe ameweka kibao chenye picha ya ndovu getini.

Je, serikali haiwezi kamwe kutwaa ardhi ya mtu? Inaweza. Utaratibu wake uko katika Sheria ya Ardhi ya 2012, nao ni mrefu na wa wazi. Lazima kuwe na sababu ya manufaa ya umma, Tume ya Kitaifa ya Ardhi itoe notisi katika Gazeti Rasmi la Serikali, kila mwenye maslahi apewe taarifa, kikao cha kusikiliza madai ya fidia kifanyike, na fidia ya haki ilipwe kikamilifu bila kuchelewa, kama kifungu cha 40 cha Katiba kinavyoagiza. Waliopitiwa na reli ya SGR wanazijua notisi hizo. Wengi wao walikuwa na mahindi, maduka na nyumba za kupangisha. Serikali ikilihitaji shamba lako, itapitia njia hiyohiyo hata kama umepanda maharagwe. Kuwa hifadhi hakuifupishii njia hata kwa hatua moja.

Kama maandishi hayatoshi, tazameni Laikipia na Meru. Lewa ilianza 1983 kama eneo dogo la kulinda vifaru ndani ya ranchi ya ng'ombe, ikawa hifadhi kamili 1995, na mwaka 2013 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO kama nyongeza ya Mlima Kenya. Imepitia kila ngazi ya kutambuliwa ambayo mtu anaweza kuiwazia, na haijawa mbuga ya serikali. Ol Pejeta ina takribani ekari 90,000 na ndiko wanakoishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani, wanaolindwa saa 24 kwa bunduki. Kama kuna shamba ambalo serikali ingekuwa na hamu ya kulitwaa kwa ajili ya wanyama walio ndani yake, ni hilo. Bado ni mali ya kampuni isiyogawa faida.

Imani hii haikuzuka hivihivi, na siwezi kuwacheka wanaoishikilia. Ina mizizi miwili. Wa kwanza ni kwamba wanyamapori wa Kenya ni wa dola. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na mpaka leo pundamilia anayekula majani yako si wako. Mtu akisikia "mnyama ni wa serikali", anaongeza mwenyewe "na anapokanyaga pia". Sheria haikuongeza hivyo.

Mzizi wa pili ni historia, nao unauma. Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911 ambao hawakuwa na nguvu ya kuukataa. Mwaka 1974 Amboseli ikafanywa mbuga ya kitaifa, na wafugaji wakazuiwa kuvifikia vinamasi ambavyo mifugo yao ilivitegemea kiangazi. Mtoto aliyeona ng'ombe wa baba yake wakifukuzwa majini miaka ile ni mzee leo, na ndiye anayesimama kwenye baraza na kusema hifadhi ni mtego. Ana haki ya kukumbuka. Lakini ardhi ile ya Amboseli haikuwa na hatimiliki ya mtu binafsi. Ilikuwa chini ya baraza la kaunti la wakati huo, na ilichukuliwa kwa uamuzi wa juu. Hakuna aliyejisajili akapokonywa kwa kujisajili.

Kwenye ardhi ya jamii hofu ina msingi zaidi, ingawa hata huko kinachotisha si kile kinachotajwa. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za Isiolo, Biliqo Bulesa na Cherab, ziliundwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Tatizo lilikuwa idhini. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji katika ardhi hiyo yapitishwe na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii. Viongozi wachache wakitia sahihi hotelini, hiyo si idhini ya jamii, na wanajamii wana kila sababu ya kwenda kortini.

Hilo likiisha kueleweka, watu hurukia kosa la upande wa pili, nalo ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu linaiua nia njema. Wanadhani cheti kimelifunga shamba.

Mzee mmoja wa Kajiado aliniletea bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hatimiliki, na cheti cha hifadhi kilichotiwa plastiki ili kisilowe. Alitaka nimhakikishie kwamba wanawe hawataweza kuuza akishafariki. Tulifanya sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi. Rejista ya ardhi ina sehemu tatu: ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe, ya pili inamtaja mmiliki, ya tatu inaandika mizigo iliyo juu ya ardhi, kama vile mkopo wa benki au haki ya njia ya jirani. Sehemu ya tatu ya shamba lake ilikuwa tupu. Mnunuzi yeyote angeliona shamba hilo jeupe, akalipa, akafyeka siku inayofuata, na cheti kile cha plastiki kisingemzuia.

Kisha huja madalali wa ushauri na dawa zao mbili. Ya kwanza ni kosheni, yaani tahadhari inayoandikwa kwenye rejista. Wanamwambia mzee aweke kosheni juu ya shamba lake "ili lisiguswe milele". Kosheni inaweza kuondolewa na aliyeiweka, na mahakama, au na msajili baada ya kumpa notisi aliyeiweka. Aliyefariki hajibu notisi. Kosheni ni ya kulinda dai katika mgogoro ulio hai, na imewekwa ya muda kwa makusudi. Ya pili ni wosia wenye sharti la "lisiuzwe daima". Ukimpa mtu umiliki kamili kisha ukamnyima haki ya kuuza, sharti hilo linapingana na umiliki uliompa, na korti haitalishikilia. Nimeona familia zikilipa pesa nyingi kuandikiwa sharti hilo kwa herufi kubwa. Aliyewaandikia alipaswa kuwaambia ukweli na kurudisha ada.

Kitengela inaonyesha vizuri kinachotokea pale ardhi isipofungwa. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba walioko kusini mwa Mbuga ya Nairobi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua, wasichimbe mawe na wawaache wanyama wapite. Malipo yaligawanywa ili yafike shule zinapofunguliwa, na kwa hilo waliouendesha wanastahili heshima, maana walielewa mzazi anaumia lini. Lakini mikataba ilikuwa ya muda mfupi na haikukaa juu ya ardhi. Bei ya ploti ilipopanda, dola 4 hazikuweza kushindana. Nyumbu wa tambarare za Athi-Kapiti, waliokuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, wamebaki wachache mno, na njia yao imezibwa na kuta za mawe.

Afrika Kusini walilikabili jambo hili moja kwa moja. Chini ya sheria yao ya maeneo ya hifadhi ya 2003, mwenye shamba binafsi anaweza kukubali lifanywe hifadhi rasmi, na makubaliano yake yanaandikwa dhidi ya hatimiliki ili yamfunge anayenunua baadaye. Kenya tunacho chombo kinachokaribiana na hicho, ila hakitumiwi.

Sasa njia zilizopo, upesi.

Njia ya kwanza ni kukodisha. Wenye mashamba ya Koyaki, jirani na Maasai Mara, waligawana ranchi yao, kisha wakaungana na kukodisha vipande vyao kwa hifadhi kama Olare Orok ya 2006, na baadaye Mara North na Mara Naboisho. Umiliki ni wao. Kodi hutoka kwa watalii, na 2020 ndege zilipokoma kuja, malipo yalipunguzwa, kwa hiyo ulizeni mapema nani atalipa wageni wasipokuja. Mkataba unaozidi miaka miwili usajiliwe. Mwenzi wako wa ndoa akubali kwa maandishi. Benki ikiwa imeshikilia hatimiliki, nayo ikubali. Kipengele cha malisho wakati wa ukame kiandikwe kwa miezi na idadi ya mifugo, si kwa maneno ya "tutaelewana".

Ya pili ndiyo ile isiyotumiwa: izimenti ya uhifadhi, yaani sharti la uhifadhi linalokaa juu ya ardhi yenyewe. Sheria ya 2013 inaruhusu iundwe kwa hiari kwa makubaliano, au kwa kuomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Sheria ya Mazingira ya 1999 nayo ina ya kwake. Inaweza kuwa ya miaka fulani au ya daima. Ikisajiliwa inaingia sehemu ya tatu ya rejista, na anayenunua au kurithi anaipokea pamoja na shamba. Mzee wa bahasha ya kaki alihitaji hii. Andikeni waziwazi kinachokatazwa (kujenga, kuzungushia ua, kuchoma makaa) na nani atakayekwenda kukagua. Kumbukeni pia kwamba ya daima itawafunga na wajukuu, basi waiteni watoto mezani kabla ya kutia sahihi.

Ya tatu ni kuihamisha ardhi yenyewe kwa wakfu au kampuni isiyogawa faida. Inawafaa wenye maelfu ya ekari na pesa za kuendesha. Mwenye ekari 40 aungane na majirani, kwa sababu swala hawezi kuishi ndani ya ekari 40. Mwenye msitu asajili msitu wa kibinafsi kwa Shirika la Misitu chini ya sheria ya 2016, na umiliki unabaki wake vilevile.

Wasomaji wa Tanzania mnaoniandikia, msichukue ushauri huu mzimamzima. Kwenu ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na njia kuu ya wananchi ni eneo la hifadhi ya jamii, WMA, juu ya ardhi ya kijiji. Kwenu mlango wa kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji.

Walio Kenya, jambo moja kabla hamjashika kalamu. Ukodishaji wa ardhi ya kilimo unahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu siku ya makubaliano. Muda huo ukipita bila ombi, na mahakama isipouongeza, mkataba ni batili, hata kama kodi mmeanza kuipokea.