Paka Aliyeshonwa na Kishona-nguo

Msomaji mpendwa, usicheke. Najua wapo wenzangu watakaouliza, "Paka naye ni wa kuandikiwa makala?" Haya, subiri kwanza.

Hapa kwetu Matisi, na Trans Nzoia kwa jumla, paka hafugwi kwa urembo tu. Yeye ni askari wa ghala. Mahindi yakishavunwa, panya nao huhamia nyumbani, na usipokuwa na paka utabaki na magunzi. Sasa askari huyu hushinda shambani, na shambani kuna kishona-nguo. Yeyote aliyewahi kukata njia katikati ya shamba akiwahi kengele anazijua zile mbegu nyembamba nyeusi zinazojaa kwenye soksi na sweta. Kila mbegu ina miiba miwili au mitatu kichwani, na miiba hiyo ina vijino vinavyotazama nyuma. Ndiyo maana huingia upesi lakini kuzitoa ni kazi.

Zikimwingia paka, nywele huzizunguka zikasokotana, mwishowe huwa fundo gumu kama rasta. Paka hujichana kwa ulimi wake wenye vijino, lakini kwa fundo lililokwisha kukaza ulimi haufui dafu. Wenye nywele fupi hawasumbuki sana. Wanaoteseka ni wenye nywele ndefu, wazee wasioweza kujipinda, wanene, na wenye meno mabovu. Kwa hivyo ukiona paka aliyekuwa nadhifu ameanza kusokotana, huenda anaugua.

Fundo lenyewe huvuta ngozi kila paka anapopiga hatua. Chini yake hewa haipiti, unyevu hukaa, viroboto hujificha, vidonda vikaanza. Kumbe yule tunayesema amekuwa mkali ana maumivu tu!

Mimi nilijifunza vibaya. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita Kukhu, ana paka aitwaye Sufi kwa sababu ya nywele zake ndefu. Likizo moja nilimkuta na fundo kwapani. Mimi mjuaji nikachukua mkasi, nikalivuta fundo juu, nikakata kwap! Paka akalia, akaruka dirishani. Mkononi nilibaki na nywele, na ngozi pia. Kukhu aliniangalia tu. "Mjukuu wangu, umemnyoa ama umemchinja?" Kuku wawili waliuzwa ndipo Sufi akashonwa na daktari wa mifugo mjini Kitale.

Daktari alinieleza kosa langu. Ngozi ya paka ni nyembamba na imelegea. Ukivuta fundo, ngozi huinuka nalo kama hema, na huwezi kuona nywele zinaishia wapi. Kwapani, tumboni na nyuma ya masikio ndiko hatari zaidi.

Basi fanya hivi. Ngoja paka ashibe na atulie. Mmoja ampapase, mwingine afanye kazi. Shika nywele kwa vidole viwili kati ya fundo na ngozi, ubane hapo, ili ukivuta, maumivu yasifike kwenye ngozi. Toa mbegu moja moja. Kisha lipasue fundo polepole kwa vidole, halafu chana kwa kitana ukianzia ncha za nywele, si kwenye shina. Dakika tano zinatosha. Akianza kupigapiga mkia, mwache, rudi kesho. Usimwogeshe kwanza, maana fundo likilowa na kukauka hukaza zaidi. Likiwa limeng'ang'ania ngozi kabisa, weka mkasi na wembe mbali. Hilo ni la daktari mwenye mashine ya kunyolea.

Kuna jambo lingine ambalo huua paka huku kwetu. Watu wakiona viroboto kwenye mafundo, humpaka paka ile dawa ya kupe ya ng'ombe iliyobaki. Jamani! Nyingi za dawa hizo ni sumu kwa paka, na kwa kuwa yeye hujiramba, atainywa. Dawa za kusafishia choo zinazogeuka nyeupe zikitiwa majini pia zinaweza kumdhuru, na mafuta ya taa vilevile.

Na wewe je, ukiumwa? Paka anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Usingoje dalili, kwa sababu zikishaonekana, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Chanjo ikitolewa mapema huokoa.

Sufi alipona. Siku hizi Kukhu humchana kila Jumamosi jioni kwa kitana kikuukuu, wakiwa wameketi mlangoni pa ghala. Mimi nikikaribia, Sufi hunitazama mikono kwanza.