Asidi Iliyojificha Ndani ya Pareto

Asidi kaboksili wengi wetu tunazifahamu kwa ukali wake mdomoni: siki, mtindi, ndimu. Lakini katika mashamba yanayouzunguka mji wa Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, zipo asidi za ukoo huohuo ambazo hakuna anayezionja, na ndizo zinazoipa pareto bei yake.

Pareto ni zao la baridi. Isipopata majuma kadhaa ya ubaridi hujaa majani na kutoa maua machache, ndiyo maana imestawi Makete, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000. Sumu yake ya kuua wadudu, pairethrini, ni mchanganyiko wa kemikali sita zinazofanana sana. Kwa kawaida zote pamoja ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa ua kavu, na sehemu kubwa imo katika vijimbegu vya katikati. Petali nyeupe zina kidogo mno.

Ni sumu ya aina gani? Wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walilichunguza swali hilo kwa miaka kadhaa, wakachapisha majibu mwaka 1924. Walipoitia alkali, sumu ilikatika vipande viwili: upande mmoja asidi kaboksili, upande wa pili alkoholi. Kwa maneno mengine, pairethrini ni esta, yaani asidi na alkoholi zilizoungana. Na jambo linalonivutia kuliko yote ni kwamba kila kipande kikiwa peke yake hakiui mdudu.

Asidi kaboksili hutambulika kwa kundi la atomi nne: kaboni moja, oksijeni mbili na haidrojeni moja. Haidrojeni hiyo ikijitoa, chaji hasi inayobaki hugawanywa kati ya oksijeni zote mbili, na mgawanyo huo ndio unaorahisisha kujitoa kwake. Hata hivyo, ndani ya maji ni molekuli chache tu zinazoiachia, kwa hiyo hizi ni asidi dhaifu. Udhaifu huo hauzizuii kupambana na magadi: mimina siki juu yake uone povu la kaboni dioksidi.

Asidi hiyo ikikutana na alkoholi, hasa kukiwa na joto na asidi kali kidogo ya kuchochea, huungana nayo na kutoa maji. Kinachozaliwa ni esta, na uasidi hupotea kwa sababu ile haidrojeni haipo tena. Mmenyuko huo huenda mbele na kurudi nyuma, haukamiliki wenyewe. Alkali ndiyo huugeuza kuwa safari isiyo na marejeo: esta hukatika, asidi inayotoka hugeuka chumvi papo hapo, na chumvi hiyo haiungani tena na alkoholi. Ndivyo mafuta yanavyogeuka sabuni kwa kostiki, kwa kuwa mafuta nayo ni esta.

Hapo ndipo kemia inapomgusa mkulima. Pairethrini ikichanganywa na chokaa, majivu au maji ya sabuni ya mche, esta huanza kukatika ndani ya bomba kabla dawa haijafika kwenye jani. Mwanga wa jua nao huiharibu kwa njia nyingine: pamoja na oksijeni, hushambulia viungo maradufu vya kaboni. Ndiyo sababu dawa ya pareto haidumu shambani, jambo ambalo kwa mlaji wa mboga ni neema. Hata mwilini mwetu, vimeng'enya huivunja sumu hii upesi. Samaki na nyuki hawana kinga ya kiwango hicho. Kwao ni hatari kubwa.

Basi wewe unayelima pareto, chuma ua likiwa limefunguka duru tatu au nne za nje za vijiua vya katikati, maana hapo sumu imejaa. Litandaze jembamba siku hiyohiyo ili lisivunde, na likishakauka lihifadhi pakavu, penye giza. Unayepuliza, changanya dawa ya leo kwa ajili ya leo, jioni jua likipungua na nyuki wamerudi mzingani, na usioshe bomba mtoni.