Gari inazimika, kisha inawaka: namna tulivyokamata ugonjwa unaojificha

Ndugu wasomaji, wale mliomaliza na wale mungali kwenye oditware, leo nataka kuwaeleza kazi moja ambayo karibu inifanye nifiche diploma yangu ya elektromekanika.

Mjomba wangu ni shofere wa taksi hapa Bukavu. Gari yake ni ya mwaka 2003. Imezeeka, lakini njo ililipa minervali yangu, na sasa inalipa ya wadogo zangu wawili. Mwaka jana ilianza ugonjwa wa ajabu: inatembea vizuri siku mbili, kisha inazimika ghafla. Unaisukuma pembeni, unangoja dakika kumi, inawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Siku moja ilizimika tukipanda Kadutu, ndani kuna mama aliyepakata mtoto. Motere ikizimika, usukani unakuwa mzito, na nguvu inayosaidia breki inabaki ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Gari ikaanza kurudi nyuma, mjomba akavuta breki ya mkono. Jioni ile aliniambia: «Mutoto wangu, hii kitu umeisomea miaka mitano. Niambie basi, gari iko na nini?»

Sikujua. Garaji ya kwanza walibadilisha pompi ya esansi. Ya pili waliunga mashine ya kusoma makosa, ikatoa namba P0335, wakabadilisha kaptere ya vilbreken. Dola 140 zikaenda, gari ikaendelea kuzimika.

Kwanza tuelewane kaptere hiyo (wenzetu wa Tanzania wanasema sensa) inafanya nini. Katika gari kama hii, ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Mbele yake linapita gurudumu la meno linalozunguka pamoja na vilbreken. Kila jino likipita, umeme kidogo unazaliwa. Mara nyingi gurudumu hilo limepunguzwa jino moja au mawili makusudi, ili kalkilatere ijue motere imefika wapi katika mzunguko wake. Kwa habari hiyo kalkilatere inaamua wakati wa kuwasha bujie na kupuliza esansi. Habari ikikatika, inafunga vyote. Kwa hiyo motere inakufa mara moja, kama mtu amegeuza ufunguo. Esansi ikikosa, kwa kawaida motere inakohoa na kusitasita kwanza.

Na P0335? Inasema kuna shida kwenye njia ya umeme ya kaptere hiyo. Njia, yaani kaptere yenyewe, waya zake na plagi zake, mpaka kwenye kalkilatere. Garaji walisoma «njia», wakanunua kaptere. Nami ningefanya vile vile.

Nikaenda kwa Muzee mmoja wa mtaa wetu, fundi aliyestaafu, ambaye hakuona mlango wa iniversite. Hakufungua hata boneti. Alisema: «Kijana, ugonjwa wa kuja na kuondoka haukamatwi wakati umeondoka. Lete daftari.»

Wiki mbili mjomba aliandika kila mara gari ilipozimika: saa, motere baridi ao moto, kilima ao tambarare, mvua ao jua, watu wangapi ndani, mshale wa mizunguko umefanya nini. Sisi wote tulikuwa tunasema ni joto. Daftari likatukatalia. Mara 9 ilizimika. Mara 3 kati yake ilikuwa asubuhi, motere haijapata moto. Lakini zote 9 zilikuwa kwenye kilima, gari imejaa watu. Na mshale ulianguka kwenye sifuri wakati gari ingali inatembea ndani ya vitesi, maana yake motere ilikuwa bado inazunguka lakini kalkilatere haioni. Muzee akasema safari ingine wasingoje zile dakika kumi. Hawakungoja. Ikawaka palepale.

Hata hivyo tulipima joto, ili tusiseme kwa kudhani. Tulitoa waya wa batri, tukachomoa plagi ya kalkilatere, tukapima toka hapo kwa multimetre: oumu 880. Dada wa saloni akatuazima mashine ya kukausha nywele, tukaipuliza kaptere. Namba ikapanda polepole hadi 1,050, bila kuruka. Ni sawa kabisa: shaba ikipata moto inazuia umeme zaidi, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Kaptere ilikuwa nzima. Tukapima na ile ya zamani: nayo nzima! Nilimwona mjomba anahesabu dola zake kimoyomoyo.

Ikabaki kilima. Muzee akachukua chuma kirefu, akasukuma motere taratibu, jinsi inavyojipinda ikivuta mzigo. Mimi macho kwenye multimetre: 880, 880... kisha hakuna kitu, njia imekatika. Akaachilia: 880.

Mpira mmoja unaoshikilia motere ulikuwa umepasuka. Kwenye kilima motere ililala kupita kiasi, ikavuta waya. Karibu na bomba la moshi, waya mmoja ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, ncha zinagusana tu. Ukiangalia kwa nje, mzima.

Tulikata kile kipande kibovu, tukaunga waya mbili mpya zilizosokotwa pamoja, tukachomelea kwa risasi, tukazifunga mbali na bomba. Waya haukufika dola 3. Mpira wa okazio, dola 15. Muzee alikataa tuseme imepona. Mjomba alipanda vilima vilevile na mzigo uleule wiki tatu, daftari mkononi. Haikuzimika hata mara moja.

Fomula ya waya na joto nilikuwa nayo kichwani toka mwaka wa pili. Sikuwa na swali la kuiuliza. Swali lilitoka kwenye daftari la shofere. Kwa hiyo, ndugu yangu, gari ya kwenu ikianza kuzimika na kuwaka, usikimbilie sokoni na namba ya mashine. Andika kwanza inazimika wakati gani, kisha jaribu kuizimisha wewe mwenyewe ikiwa imesimama, mahali ambapo hakuna mtoto ndani.