Padi ya Gemu Inayojiendesha: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Kijana aliyefungua banda la gemu Njombe au Makambako hutegemea runinga, mashine na padi. Katika hivyo, padi ndiyo huchoka mapema. Dalili yake inajulikana: mchezaji kwenye runinga hukimbia upande mmoja ilhali hakuna aliyegusa kijiti. Mteja hulalamika kuwa amefungwa mabao kwa ubovu wa kifaa, naye mwenye banda hujiuliza: aitengeneze au aitupe?

Kwanza tuelewe chanzo. Chini ya kila kijiti mna vipimo viwili vidogo, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha mbele na nyuma. Ndani yake ulimi mwembamba wa chuma husugua utando wa kaboni. Vumbi likiingia, au utando ukilika, mashine husoma kuwa kijiti kimesukumwa hata kikiwa kimetulia katikati.

Hivyo yatupasa kutenganisha uchafu na uchakavu. Uchafu husafishwa kwa spiriti safi, padi ikiwa imezimwa, kisha ikaachwa ikauke. Tatizo likirudi baada ya siku chache, aghalabu utando umekwisha, na huhitajika kijiti kipya. Katika padi ya PlayStation 4 sehemu hiyo ina miguu 14 iliyolehemiwa kwenye bodi, basi apewe fundi aliyezoea kazi ndogondogo.

Kisha tupige hesabu: bei ya spea, ujira wa fundi, na nauli kwa anayelazimika kusafiri takriban kilomita 60 kati ya miji hii miwili. Jumla ikiwa chini sana ya bei ya padi mpya, na vitufe, betri na tundu la chaji vingali vizima, tuitengeneze. Kutupa kifaa kizima kwa sababu ya kipande kimoja ni israfu. Lakini bodi ikiwa imeungua au betri imekufa, kununua ni busara. Anayenunua aulizie padi yenye vipimo vya sumaku, visivyosuguana. Sega ilivitumia katika Dreamcast tangu 1998.

Ama padi mbovu, isikodishwe wala kuuzwa huku ubovu wake umefichwa. Mteja aambiwe kabla hajatoa fedha yake, kwani hiyo ni haki yake, na biashara isiyochunga haki haina baraka.