Mizani ya Madaraka: Fundisho la Singida Mashariki

Ibara ya 4 ya Katiba ya 1977 imeyagawa mamlaka ya nchi katika sehemu tatu: Serikali kutekeleza, Bunge kutunga sheria na kuisimamia Serikali, Mahakama kutoa haki. Makada wengi wanaikariri orodha hii. Lakini kukariri siyo kuelewa. Swali la msingi ni hili: chombo kimoja kikikosea, nani anakizuia?

Tutazame mfano wa Singida. Mwaka 2010 wananchi wa Singida Mashariki walimchagua Tundu Lissu wa CHADEMA. Ushindi huo ulipingwa mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikauthibitisha. Hapo mizani ilifanya kazi: uamuzi wa kura ulipimwa na sheria.

Tarehe 7 Septemba 2017 Lissu, aliyekuwa amechaguliwa tena 2015, alipigwa risasi mjini Dodoma, akapelekwa Nairobi na baadaye Ubelgiji kwa matibabu. Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba kiti chake ki wazi, kwa sababu ya kutohudhuria mikutano bila ruhusa na kutowasilisha tamko la mali. Mgombea wa CCM akapita bila kupingwa, akaapishwa mwanzoni mwa Septemba. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikakataa kumpa Lissu ruhusa ya kufungua shauri la kupinga uamuzi wa Spika.

Tunajifunza nini?

Kwanza, Spika hutangaza, lakini siyo mwamuzi wa mwisho. Ibara ya 83 inaipa Mahakama Kuu kazi ya kuamua kama mbunge amekoma kuwa mbunge au hapana.

Pili, muda nao ni madaraka. Kiti kikijazwa kabla shauri halijasikilizwa, haki iliyoandikwa hupungua nguvu.

Tatu, kwetu mipaka ya vyombo hivi imeingiliana. Mawaziri ni wabunge, na Rais ni sehemu ya Bunge. Kwa hiyo uhuru wa Mahakama siyo pambo, bali ndiyo ngao ya mnyonge.

Mwenye kiti siyo mbunge, wala siyo chama chake. Mwenye kiti ni mkulima wa Ikungi aliyepanga foleni akapiga kura. Kada anayetetea mizani pale tu inapomfaa hajaielewa. Jukumu letu ni kuitetea hata inapotuuma.