Makasia: Ziwa lipo, kocha yuko wapi?

MPAKA anaondoka Uganda, nchi ya Ziwa Victoria, Kathleen Noble alikuwa muogeleaji. Makasia alikuja kufundishwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 2021, jijini Tokyo, akawa Mganda wa kwanza kupiga makasia kwenye Olimpiki.

Je, wangapi wamebaki ufukweni kwa kukosa wa kuwafundisha?

Kujua kuendesha mtumbwi hakutoshi. Kwenye mashindano mchezaji huipa mgongo safari, hukaa kwenye kiti kinachoteleza, na nguvu kubwa hutoka miguuni. Akifundishwa vibaya, kiuno ndicho kinacholipa.

Ndiyo maana shirikisho la dunia, World Rowing, hufundisha makocha kwa ngazi. Ya kwanza ni misingi: kuvuta kasia, kuiseti boti na mazoezi ya mwili. Zinazofuata huingia ndani zaidi.

Na ada isiwe kisingizio. Kamati ya Olimpiki ya nchi inaweza kuomba kozi igharamiwe kupitia Olympic Solidarity, mpango wa IOC. Kazi iliyobaki ni ya vyama: kupeleka majina, na kocha akirudi na cheti chake, wampe boti na vijana wa kufundisha.